Makofi Mliyompigia Neema Nayarudisha

Jamani, nimechefukwa mpaka sasa chai inakataa kushuka.

Leo nilimpeleka Neema, mtoto wa dada yangu, kutembelea chuo kikuu. Amesomea filamu miaka miwili kwenye koleji ndogo hapa mtaani kwetu Bankstown, sasa anataka kuhamia chuo kikuu.

Kipi? Mimi nilishamchagulia hiki kikubwa, chenye jina. Kanisani kwetu Toongabbie nilishatangaza, mkapiga makofi.

Na mnanijua, mpiga video wa harusi zenu. Nimerekodi harusi mvua ya mawe ikivunja madirisha, mkono haukutikisika!

Tukaonyeshwa kamera. Ziko nyuma ya kioo, zimelazwa kama maiti ya mfalme. Nikanyoosha kidole tu, mlinzi akakohoa.

Neema akamuuliza mwalimu, "Tutazishika lini?"

"Mwaka wa tatu."

"Na miaka yangu miwili?"

Jamaa akacheka. Akacheka, ndugu zangu!

"Utaanza upya. Kule mlikuwa mnacheza."

Kinyaa! Kahawa waliyonipa nikaimwaga kwenye maua.

Neema hakulia. Kwenye gari ndipo akasema, "Anko, kile chuo kingine kinanipokea mwaka wa pili, na kamera nashika wiki ya kwanza. Nilikuambia tangu Pasaka. Ukasema jina lake halitangaziki."

Ni kweli, nilisema.

Basi Jumapili nasimama tena kanisani. Yale makofi yalikuwa ya chuo chenye jina, naomba mpige upya kwa kile cha Neema. Anayekubali aandike amina hapo chini.

Atakayeguna, harusi ya mwanawe sirekodi.