Masuke Mazuri ya Apolinaria

Apolinaria alikuwa mwanamke wa kuyaona makosa ya wenzake hata kabla hawajayatenda. Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na mbegu ya uwele.

Mbegu yenyewe ilikuwa na asili ya kutambiwa. Babu yake, mpagazi wa misafara ya pembe, aliitoa Ugogo alipokuwa akirudi kutoka pwani, akaifunga kwenye pindo la shuka na kushinda njaa hadi Tabora bila kuitafuna. Ilipopandwa Kalangale, kijiji chao upande wa Ipole, watu waliicheka. Ulikuwa uwele mfupi, wenye masuke membamba yaliyojaa ndevu. Lakini ndege waliziogopa ndevu zile, na jua lilipokaza uwele ulikunja majani ukajilaza kama mgonjwa. Mvua ikirudi, hata bua la kwanza likiwa limekwisha kauka, machipukizi yalitoka shinani, na kila chipukizi lilileta suke lake. Kalangale walijua miaka ya njaa, ila hawakujua mwaka wa kuzikana kwa njaa. Kicheko kikaisha, kila nyumba ikaomba mbegu.

Kisha yakaja malale. Mbung'o walijaa porini, na Luhende, mume wa Apolinaria, akawa miongoni mwa waliosinzia na chakula mdomoni. Serikali ya Waingereza ikaamuru watu wote waliotawanyika msituni wahamie kambi moja, wafyeke miti, wakae pamoja ili mbung'o wakose kivuli. Nyumba za Kalangale zilitiwa moto mtu asije akarudi. Apolinaria aliondoka na mkeka, chungu, kibuyu cha mbegu, na mume juu ya machela.

Sindano za zahanati zilimponya Luhende usingizi, lakini miguu yake haikurudi. Alitembea kwa kushika ukuta. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote ile, mume akishika ukuta na mke akiuchukia. Kwao, ukigombana na jirani, hasira ziliisha njiani kabla hujamfikia. Hapa uliweza kumsikia akikohoa. Kila nyumba ilipewa ukanda wa shamba uliobandikana na wa mwingine, kulima nje ya mpaka kulikatazwa, na kutoka kulihitaji kibali. Apolinaria alijiona kuku aliyefunikwa tenga. Neno lake lilikuwa moja, akilirudia kisimani hadi wenzake wakawa wanalimalizia kwa niaba yake: siku wakilifungua pori narudi Kalangale, mbegu ninayo.

Na mbegu aliitunza kama alivyofundishwa. Kabla ya kuvuna, mwanamke wa kwao huingia shambani peke yake na kikapu, akachagua masuke makubwa yaliyojaa, akayatundika juu ya jiko yapate moshi. Mama alichagua hivyo, na mama wa mama. Kambini masuke yake yalinenepa mwaka hadi mwaka, ndevu zikapungua, mabua yakarefuka. Apolinaria alivimba kichwa. Alidhani hata udongo wa kifungoni umemtambua yeye ni nani.

Masuke membamba alimpa wifi yake Flavia. Desturi ni kwamba dada wa mume akija wakati wa mavuno haondoki mikono mitupu, lakini atapewa nini, hilo ni la mke wa kaka. Tangu mavuno ya kwanza Flavia alipewa yaliyonyong'onyea, naye aliyapokea kwa magoti na kushukuru, jambo lililomuudhi Apolinaria zaidi. Yeye na mumewe Silasi walichelewa kufika kambini, wakapewa kipande kilichobaki, mchanga mtupu nyuma ya makaburi, mbali na mashamba ya watu. Hawakuwa na mbegu nyingine, wakapanda hiyohiyo.

Bwana shamba wa kambi, kijana mmoja mpole aitwaye Wenceslaus, alipita siku moja uwele ukiwa katika maua. Alisimama kwenye ukanda wa Apolinaria, akatikisa suke la jirani, uwele mrefu mweupe ulioletwa na serikali, na unga wa maua yake ukapeperuka hadi kwenye masuke ya Apolinaria.

"Mama, huu upepo unayaozesha mashamba yenu," alisema. "Suke nene hilo lina baba mwingine. Ukichagua makubwa, unachagua ya jirani."

Alimweleza kwamba Kalangale uwele wote ulikuwa ndugu, kwa hiyo suke kubwa lilikuwa mtoto aliyekula vizuri tu, na kulichagua hakukudhuru kitu. Hapa suke kubwa ni la damu ya kigeni. Nguvu ya kuvumilia jua imo katika yale membamba, na hayo ndiyo anayoyagawa.

Alisema kweli tupu, lakini kweli ina machungu ikitoka kwa mtu aliyevaa kaptula ya wale waliokuchomea nyumba. Apolinaria alisikia uwele wa babu yake ukiitwa wa haramu. Alimfukuza kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Baadaye, usingizi ulipomkataa, alimfuata akamwomba, kwa shingo upande, apande kipande kidogo peke yake ng'ambo ya mpaka. Kijana akainamisha macho. Ruhusa hiyo haikuwa yake kutoa. Basi Apolinaria akarudi kuchagua masuke makubwa, kwani kama jambo halina dawa, heri kuamini kwamba halina ugonjwa.

Mwaka wa ukame mkubwa mvua ilikatika baada ya palizi. Uwele wa Apolinaria haukujilaza. Ulisimama wima kama wa majirani, ukakauka wima. Alingoja. Mvua iliporudi alikwenda kila asubuhi kuchutama na kufukua mashina kwa vidole akitafuta chipukizi. Hakuna. Akaenda kwa mwingine, hakuna. Alipofika mwisho wa ukanda aliketi chini, akalia kwa sauti, na majirani, kwa mara ya kwanza, wakajifanya hawasikii. Nyuma ya makaburi kwa Flavia palikuwa kijani.

Walipokuwa wakivuna kile kidogo kilichosalia, mwanangwa, yaani mkubwa wao chini ya mtemi, akatangaza kwamba pori la Kalangale limefunguliwa. Anayetaka arudi, aende na mbegu yake.

Usitupe mbachao kwa msala upitao, husema watu, na Apolinaria aliyewasomea wengine methali hiyo alikwenda nayo kooni hadi kwa wifi yake. Alipiga magoti yeye. Flavia hakumwachia aseme mengi. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kilichojaa.

"Ni yako, wifi," alisema. "Mimi nilikutunzia tu."

Apolinaria alirudi mbiombio akakunja mkeka. Kisha alikwenda kwa mwanangwa kuomba kibali, na hapo akaambiwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mapema: inaruhusiwa nyumba yenye mwanamume wa kufyeka pori, na waliougua malale hawaondoki karibu na zahanati. Yeye mwenyewe, kama anataka kufuatana na akina Silasi wanaorudi, njia iko wazi.

Luhende alikuwa amekwisha pata habari. Alisimama mlangoni, kiganja ukutani.

"Nenda, mke wangu. Wamo watu wa kunipa maji."

Na alitaka kwenda, tusimsingizie utakatifu. Alikaa siku nzima na kibuyu mapajani, akimchukia mumewe, na ukuta ule, na miguu ile. Aliwaza kubaki na nusu ya mbegu, lakini sasa alijua: ikitoa maua mara moja tu kwenye ukanda wake, upepo utaiozesha. Mbegu ile haikuwa ya kukaa hapa. Wa kukaa hapa alikuwa yeye.

Asubuhi ya safari Flavia alimkuta wifi yake akimngoja njiani na kibuyu. Apolinaria alimtwika kibuyu hicho kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka sawa.

"Kwanza chagua membamba," alimwagiza. "Na mwaka hadi mwaka, akipita mtu wa kuja huku, niletee suke moja. Lililonyong'onyea."

Flavia alicheka, machozi yakamtoka, akaondoka. Baada ya mavuno yaliyofuata mtu wa Ipole alileta kifurushi kidogo cha kitambaa. Apolinaria alilitoa suke, jembamba, limejaa ndevu, likamchoma kidole. Alilitundika juu ya jiko, mahali pa mbegu, na hakulipanda.