Kikombe Alichowanunulia Wazee

Admin, nifiche jina, maana Isiolo ni ndogo na ukoo wa mume wangu ni mkubwa. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, naishi Kiwanjani, na namuuguza mume wangu, mwanaume ambaye kwa kweli namdharau.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulifanya kazi pamoja katika makao ya wazee hapa mjini. Mimi nilipika, yeye alikuwa mnunuzi. Maziwa yaliletwa asubuhi na kina mama wafugaji, ndani ya vibuyu vilivyofukizwa moshi wa mti, na vibuyu vilirudi nao nyumbani. Hatukuwa na taka za kutupa. Kisha huyu bwana mkubwa wangu akapelekwa semina Nairobi, akarudi akisema vibuyu ni ushamba. Kina mama wakafukuzwa getini, yakaja maziwa ya unga ya mikebe na vikombe vyekundu vya plastiki. Vilivyopasuka alivichoma nyuma ya jikoni, wazee wakakohoa, naye akasimama pale kifua mbele akiita hayo maendeleo. Mjinga aliyevaa tai.

Kulikuwa na Akko, bibi wa Kiborana asiye na mtoto. Alikataa kikombe. Aliniambia, "Hii inanuka ndoo. Niletee maziwa ya kibuyu, mwanangu." Nikamsihi mume wangu anunue kibuyu kimoja tu, cha huyo bibi. Akanijibu mbele ya wafanyakazi, "Akisikia njaa atakunywa." Hakunywa. Alikonda mpaka tukamzika, na mume wangu akala pilau ya msiba, akaongeza sahani.

Sasa amepooza upande mmoja. Nampa maziwa kwa kikombe chekundu, cha mwisho kati ya vile, kwa sababu uchafu alionunua haujaoza mpaka leo. Wiki iliyopita alikisukuma. "Mama, hii kikombe inanuka. Niletee kibuyu." Nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Lakini tangu siku hiyo hanywi, na mbavu zake naziona kama nilivyoziona za Akko. Binti yetu ameleta kibuyu kutoka Kulamawe. Nimeshakifukiza, kinaning'inia ukutani, na mume wangu anakitazama kutwa. Kila nikinyoosha mkono nakumbuka lile jibu lake, naurudisha.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nikishushe, au nimngoje asikie njaa?