Injini Iliyotoka Kigoma

Karakana ya shamba la mkonge nje ya Kilosa haikuwa mahali pa kutazamia kukuta injini ya boti. Lakini Mzungu aliyekuwa mwenye shamba zamani, kabla mashamba hayajataifishwa, alikuwa amefunga humo mtambo wa kupimia nguvu za injini: pipa la chuma lililojaa maji, mapanga ndani yake, na mkono uliolemea mzani. Injini ilisukumana na maji, mzani ukasema kweli. Mzungu aliondoka, mtambo ukabaki, na aliyeujua vizuri akabaki mmoja tu: Danieli wa Lumuma, aliyesoma kwa wamisionari na kujifunzia ufundi bandarini Dar es Salaam.

Mwaka 1974 mdogo wake, Marko, alishuka stesheni na sanduku lililobebwa na wanaume wanane, ndani yake injini kutoka Kigoma. Yeye ndiye aliyeitunza injini ya boti ya kasi iliyopeleka dawa vijiji vya Ziwa Tanganyika.

"Shikamoo kaka. Nimekuletea maiti," alisema akicheka.

"Marahaba. Tutaifufua."

Walifanya kazi wiki tatu. Silinda zilichongwa upya, beringi zikabadilishwa. Kilichokosekana ni bolti za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Bolti hizo hazifungwi mara ya pili, maana zikishatumika huchoka. Danieli aliagiza Dar mara mbili, hazikuja. Siku zile hata wembe ulikuwa wa kuulizia. Mwishowe alizisafisha zile za zamani, akazigeuzageuza juani, hakuona ufa, akazifunga.

Siku ya kupima, injini ilitakiwa kunguruma saa nane mfululizo kwa nguvu zote. Madirisha yalitetemeka. Mzani ulipanda, ukatulia palepale ulipotakiwa. Saa tatu zilipotimia Marko alimshika kaka yake bega, akampigia kelele sikioni.

"Imetosha! Treni ikiniacha leo, nakaa hapa wiki nzima. Huko watu wanangoja dawa."

"Bado saa tano, Marko."

"Umeiunda wewe, kaka. Mimi naiamini."

Danieli alisitasita, kisha akafunga dizeli. Kwenye cheti akaandika: imepimwa saa nane.

Miezi mitatu baadaye simu ya maandishi ilifika. Injini ilivunjika katikati ya dhoruba, boti ikatupwa kwenye miamba. Abiria wote waliokolewa. Marko alifia chini, kwenye injini, spana mkononi.

Danieli aliomba injini irudishwe Kilosa, akaifungua peke yake. Bolti moja ilikuwa imekatika. Nusu ya mkato iling'aa. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi, ufa wa siku nyingi. Saa tano zile alizozikatisha huenda zingeikata palepale karakanani, asife mtu.

Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza. Akapanda milima hadi Lumuma kwa Yudith, mjane wa Marko, akamweleza yote, na uongo wa cheti pia.

Yudith alichagua mawe kwenye mchele, ungo mapajani.

"Shemeji, kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu kila mtu anasema ni mapenzi ya Mungu."

"Na mimi nilikuwa nimeshamsamehe Mungu," alisema Yudith. "Sasa unataka nianze upya, na wewe."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Danieli aliacha ufundi. Kila masika alikwenda kumlimia Yudith shamba. Yudith alimwachia jembe mlangoni, na chakula kwa jirani. Ikapita miaka sita hawajaongea neno.

Costancia, binti wa Marko, alipokaribia kuolewa, ni Yudith mwenyewe aliyetuma mtu: shemeji aje asimame mahali pa baba. Danieli alikuja na koti la kuazima. Mbele ya kanisa, watu wote wakitazama, Yudith alimsogelea.

"Za safari, shemeji?"

"Nzuri, shemeji," alijibu Danieli. Akampa Costancia mkono, wakaingia kanisani.