Angalia Nani Anabeba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino virefu, nikidhani ajenti wa nyumba ni mtu wa kukaa ofisini na kupokea simu. Meneja wa ofisi yetu pale Nyeri, mzee mfupi asiyetulia kitini, alinitazama miguu akacheka. "Nyokabi, na hiyo viatu utalia. Twende Majengo, kuna mtu anahama, anataka nyumba kwetu."

Tulisimama ng'ambo ya barabara tukatazama pikapu ikipakiwa. Nikaanza kuhesabu viti na magodoro, maana nilidhani mpangaji mzuri ni mwenye vyombo vingi. Meneja akanikemea. "Wacha kuhesabu viti! Angalia nani anabeba." Nikaangalia. Mwenye vitu alikuwa anavuta kabati yeye na dereva tu, na majirani wake wamesimama kwenye veranda wamekunja mikono. Huyo hakupata nyumba kwetu. Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo kwa simu, hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na mpaka sasa nikiona pikapu imejaa magodoro moyo unanidunda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye ploti, yaani mwenye nyumba za kupangisha, anatuachia funguo. Sisi tunatafuta wapangaji, tunapokea depositi, ile kodi ya akiba inayokaa mpaka mtu ahame, halafu tunaamua ugomvi wa maji na takataka. Lakini utamu wa kazi ulikuwa pale mwanzo: huyu apewe ufunguo au asipewe? Naapa sijaona kazi nyingine inayochemsha damu namna hiyo!

Meneja alipostaafu nilipelekwa Karatina, na huko nikapigwa chenga. Nilikwenda kumtazama fundi mmoja wa redio akihama. Majirani wote walibeba! Akina mama walichukua sufuria huku wakiimba, mmoja akafagia hata ndani ya gari. Nilimpa ufunguo siku hiyo hiyo kwa furaha. Hata mwezi haukuisha, spika zake zilikuwa zimenyima ploti nzima usingizi. Nikawarudia wale akina mama kuwauliza imekuwaje. "Aki Madam, sisi tulikuwa tunafurahi anaenda," mmoja akaniambia bila haya. Tangu siku hiyo nikawa nangoja nione watu wanafanya nini pikapu ikishajaa. Wanaofurahia kuachwa hurudi ndani haraka.

Niliporudishwa Nyeri nilikuta kompyuta zimeshika ofisi. Tulikuwa na Mkurugenzi mpya, kijana nadhifu mwenye haraka, na alileta sheria moja: mtu akipatikana kwenye rekodi za CRB, ambako wasiolipa mikopo huandikwa, hapewi nyumba. "Madam Nyokabi, hii maneno ya kusimama barabarani tuachane nayo," aliniambia. Simlaumu. Wapangaji walikuwa wamemchoma mara nyingi, na mara nyingi rekodi ile ilisema kweli.

Ndipo akaja Mwalimu Wekesa. Kwao ni Bungoma, lakini alikuwa amefundisha Endarasha miaka mingi na sasa amehamishiwa shule moja hapa mjini. Nyumba ya Endarasha alikuwa ameshaitolea notisi na mtu mwingine alikuwa anaingia. Mimi nilikuwa na vyumba viwili vitupu Ruring'u, vya inspekta mmoja mstaafu wa polisi. Nikaingiza jina la Mwalimu kwenye kompyuta. Alikuwa CRB, tena kwa mikopo miwili.

"Madam, sitakudanganya," alisema. "Nilikopa nikapanda vitunguu huko Kieni. Bei ikaanguka, zikaoza. Hata mwenye nyumba ananidai."

Ofisi zote za mjini zilikuwa zimemkataa. Ningemkataa na mimi, mkewe na watoto wangerudi Bungoma naye angebaki akilala kwa rafiki. Nikimpa ufunguo, Mkurugenzi alikuwa ameshasema wazi kwamba nitafute kazi nyingine. Nilimwambia Mwalimu kwamba jibu nitampa Jumamosi, siku ya kuhama kwake, hapo hapo kwake.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari la Endarasha, mimi na koti langu zito! Nilisimama kando ya duka la mbolea, baridi ikiniuma masikio, nikaangalia. Majirani walikuwa wanabeba. Polisi wawili wa kituo cha pale walishika meza, mama wa duka akabeba ndoo za vyombo, walimu wenzake wakapandisha kitanda. Vizuri, nikajiambia, lakini hata Karatina walibeba. Nikangoja pikapu ijae. Ikajaa. Hakuna aliyerudi ndani. Walifunga kamba, wakaifungua, wakaifunga upya, na maneno yao hayakuisha. Nilitamani kupiga makofi pale pale.

Halafu nikamwona nyanya mmoja mwenye fimbo akifungua mlango wa mbele wa pikapu na kuketi kiti cha mbele. Nikavuka barabara nikamuuliza Mwalimu ni nani.

"Huyo ndiye Shosho, mwenye nyumba."

"Yule anayekudai?"

"Ndiye. Amekataa kushuka."

Nikamwambia Mwalimu twende Ruring'u, jibu atalipata huko. Nilibanwa katikati ya Shosho na dereva mpaka Nyeri. Njiani nilimpigia Inspekta simu nikamweleza yote, CRB na vitunguu, kwa sababu nyumba ni yake na sikutaka kumficha. Alisema tu kwamba atatungoja pale Ruring'u. Tulimkuta amesimama langoni, kifua mbele.

"Mama, huyu mtu wako ako CRB," alimwambia Shosho.

"Hiyo CRB mimi siijui," Shosho akamjibu, akishuka polepole. "Mimi ndio namdai. Nimekuja kuona hii nyumba kama iko na maji."

Akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua mfereji, akagonga ukuta kwa fimbo, akatazama juu. "Na hii bati, inavuja?"

"Haivuji," Inspekta akajikuta amejibu.

"Wezi je?"

"Mama, mimi nilikuwa polisi!"

"Si ndio nauliza?"

Niliuma midomo nisicheke. Inspekta alijifuta uso. "Sasa kama unamdai, mbona unamtafutia nyumba?"

"Akirudi kwao Bungoma, mimi nitalipwa na nani?" Shosho akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Wewe sikia. Nilimfungia mlango na kufuli. Akakuja kwangu mchana, watu wakiona, akaniambia, Shosho, vitunguu zimenimaliza, ningojee mshahara. Tangu hiyo siku kila mshahara ananipatia kidogo, hata sijaitisha. Huyu hajifichi. Ati CRB! Hao CRB wamewahi kumuona?"

Inspekta akanigeukia. "Wewe ndio ajenti. Unasema nini?"

Wote walinitazama, hata dereva. Nilijua Jumatatu itakuwaje. Nikatoa ufunguo kwenye mkoba nikamwekea Mwalimu mkononi. Inspekta akavua koti akaenda kushika upande mmoja wa meza.

Jumatatu Mkurugenzi alipiga kelele, nami nikapiga zangu. "Kama ni kunifuta kazi, nifute leo!" Hakunifuta, maana Inspekta alikuwa amempigia simu kusema kwamba yeye mwenyewe amemkubali mpangaji. Badala yake alinihamishia Kerugoya, nikawapangishie nyumba wakulima wa mpunga wa Mwea huko. Nilienda nikicheka, kila asubuhi na kurudi jioni, maana nyumba yangu ya Nyeri sikuiacha. Mwalimu Wekesa alilipa. Alichelewa mara moja tu, na alinipigia kabla mimi sijampigia. Deni la Shosho nalo likaisha.

Sasa nimestaafu, na nimejenga nyumba yangu ndogo Kangema. Rekodi za CRB ziangalieni, sikatai, lakini nendeni pia mkamwone mtu akihama. Ninawaambia haya kwa sababu ilifika siku yangu mimi ya kuhama Nyeri, na sikupata lepe la usingizi. Mimi ndiye niliyepeleka notisi ploti nzima niliyokuwa nikikaa, na milango mingine niliifunga kufuli kwa mikono yangu. Nani angenibebea?

Walikuja, tena wengi! Walibeba kila kitu wakiimba. Nami nikasimama kwenye veranda, mtaalamu mzima, nimekauka, kwa sababu nilimkumbuka yule fundi wa redio. Walikuwa wananiaga au walikuwa wanafurahi naondoka? Pikapu ikajaa. Nikakaza macho kwenye milango yao nione nani atarudi ndani kwanza.

Mwalimu Wekesa, ambaye alikuwa amekuja na mkewe kutoka Ruring'u, akapanda nyuma akaketi juu ya godoro langu. Mkewe akapanda, na majirani wawili wakafuata.

"Nyinyi mnaenda wapi?" nikawauliza.

"Kangema," Mwalimu akasema. "Shosho ametutuma tuone kama hiyo nyumba iko na maji."