Tawi Nililolitupa Juu ya Bati

Nakumbuka Ijumaa moja ya wakati wa mvua, hapa hapa Chang'ombe ya Dodoma, siku niliyovunja tawi la mti wa shangazi yangu. Utacheka, mwanangu. Tawi la mti wa kwenye chungu tu, unene wake kama kidole, na mzee mzima bado linamkera. Cheka, kisha unisikilize.

Nilikuwa kijana, fundi wa kusuka upya nyaya za shaba za mota zilizoungua, nikikaa kwa Shangazi Zuhura, dada yake baba, mwenyeji wa Busi kule Kondoa. Mumewe, Mzee Idi, alikuwa amenunua fikasi, mti wa mapambo wa jamii ya mkuyu, kwa muuza miche wa barabarani, ile ya bei ya chini ambayo watu huiweka sebuleni wakaisahau. Yeye hakuisahau. Aliikata kichwa, akaipunguza mizizi, akaihamishia kwenye bakuli pana la udongo, akawa anaifundisha kukaa fupi na nene kama mkuyu mkongwe. Tawi la chini alilikunja kwa mikono yake mwenyewe, akalizungushia waya wa shaba niliompa mimi. Wiki ile ile akaugua, na hakuinuka tena.

Shangazi alipotoka eda alikwenda Busi kumuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka aliniita.

"Mvua zikianza, mti huu unanenepa haraka. Ukiona waya unazama kwenye ganda, ukate vipande vipande kwa koleo. Usiuzungushe kuufungua, utalivunja tawi."

"Sawa, shangazi."

Sawa ya mdomoni hiyo. Sisi wasuka mota shaba haitupwi, hata kipande cha kufungia kiatu tunakiweka. Nikajiambia, mama wa watu anajua nini habari za waya? Mvua zikanyesha, waya ukaanza kuzama, nami kila asubuhi nikisema bado kidogo. Ijumaa ile nikaanza kuufungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine, ili niuokoe mzima. Nikaupata mzima kweli. Tawi nalo likabaki mkononi, utomvu mweupe ukinidondokea kwenye suruali.

Shangazi alikuwa anarudi jioni hiyo. Nilishikwa na woga, nikalirusha lile tawi juu ya bati. Alipofika, hata mzigo hajautua, akauona mti.

"Kimetokea nini hapa?"

"Mbuzi wa jirani, shangazi."

Akaniangalia. "Mbuzi," akasema, akaingia ndani.

Siku tano hakunigusia neno. Alinipakulia ugali kama kawaida, akaniuliza habari za kazi, tena kwa upole kuliko siku zote. Upole ule ndio ulionitesa. Angenigombeza ningelala. Siku ya sita nikapanda juu ya bati, nikalishusha tawi, nikamwekea mbele yake na kusema yote, waya na uongo.

Alilikwaruza ganda kwa ukucha. Kahawia. Akakwaruza chini zaidi, kahawia, limekauka lote. Jua la Dodoma juu ya bati unalijua.

"Nilijua tangu Ijumaa kwamba si mbuzi," akasema. "Mbuzi hula majani akaacha kijiti. Huyu wako kaondoka na kijiti. Nikadhani tawi umelichomeka ardhini mahali, unaona haya kuniambia mpaka lishike. Siku tano nazunguka nyuma ya nyumba nalitafuta."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, na ndevu zangu.

Maana fikasi haiogopi kuvunjika. Tawi likikatika leo, unalipunguza majani, unalichovya kwenye maji mpaka utomvu ukome, unalichomeka kwenye mchanga wa korongoni uliolowa, unalifunika mfuko wa nailoni na kuliweka kivulini. Baada ya majuma kadhaa lina mizizi. Lile tawi lingekuwa mti mzima, likiwa na kona ile ile aliyoikunja marehemu. Shangazi alinikatia kijiti kingine kwenye mti ule ule siku hiyo hiyo, akanisimamia nikakipanda. Kikashika. Akaniambia, "Huu ni mti wako. Wa mume wangu, wenye kona yake, ndio umekwisha." Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote, wala hakunifukuza.

Siku hizi vijana mnanijia kwa ajili ya fikasi, mnataka kujua waya unakaa muda gani. Nawajibu: uangalie kila juma, na mvua zikija uangalie kila siku. Wengine mnaniambia samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini kukunja si kazi kubwa. Kazi ni siku unapovunja, na kuvunja utavunja tu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiharibu cha mtu, mpelekee kingali kibichi. Usingoje hasira zake zipoe, wala usitunge mbuzi. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, nami naongeza kwamba hata fupi hiyo inatosha kukausha kitu ambacho mwenyewe alikuwa bado anaweza kukiokoa. Hujui anajua dawa gani. Huenda amekwisha kukusamehe, amekaa anasubiri umpe tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akuwekee karibu watu wa kuwakiria. Na ukikosea kesho, akufikishe mlangoni kwao kesho hiyo hiyo. Amina.