Marahaba ya Kishikwambi

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakuwaona wageni waliokuja shuleni kwetu, huku juu Mgwashi, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Walileta sanduku la vishikwambi na mpigapicha. Masomo, walisema, sasa yatachanganywa: mengine mtandaoni, mengine ana kwa ana, na mwanafunzi ashiriki kuanzia siku hiyohiyo. Mimi mwalimu wa darasa nikafurahi kama mjinga.

Kulikuwa na binti mmoja niliyekuwa na wasiwasi naye. Mama yake aliniambia alipokuja kumwandikisha, "Mwalimu, akili anazo. Ila darasani hajawahi kufungua mdomo, tangu la kwanza." Kiswahili kilimtia aibu, kwao ni Kishambaa asubuhi hadi usiku.

Kazi ilikuwa kila mmoja ajirekodi akieleza jambo la nyumbani, kisha wenzake wasikilize na kuuliza. Binti akaenda na kishikwambi chake nyuma ya darasa. Aliporudi nikasikiliza: "Shikamoo." Halafu upepo, na jogoo wa jirani, basi. Alikuwa anasubiri aitikiwe. Nani huku kwetu anaendelea kuongea na mkubwa kabla hajaitikiwa? Nikarekodi marahaba yangu, nikamwambia aisikilize kwanza ndipo aseme.

Safari hii alieleza anavyochuma peasi za bibi yake bila kuzichubua. Darasa zima likasikiliza. Mmoja akauliza, na zile za juu kabisa je? Binti akasimama akajibu kwa mdomo wake mwenyewe, "Hizo ni za ndege," wote wakacheka, naye akacheka. Nilitamani mama yake angekuwepo.

Ndipo mkuu wa msafara akasema picha zimetosha. Vishikwambi vikakusanywa, kumbe ni vya kuzunguka navyo shule hadi shule. Hakuna aliyeniambia. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Binti akampelekea chake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Shikamoo. Naomba sauti yangu ibaki."

Yule bwana alikuwa anachezea simu. Akakipokea bila kumtazama, akafunga sanduku, akatoka. Binti akabaki amesimama palepale, anasubiri, hadi gari likawashwa.

"Marahaba," nikamwitikia mimi.

Hakugeuka. Hakuwa ameniamkia mimi. Sasa muhula unakwisha, na nikimuuliza swali darasani anasimama, ananitazama, anakaa.