Kadi ya Manjano kwa Kichwa cha Mdogo Wangu

Mama yangu havunji tena nazi. Ananunua tui la kopo, yeye ambaye miaka yote alikuwa akiwasema wanawake wa siku hizi kwamba wanapikia familia zao maji meupe. Hajatwambia sababu na sisi hatujamuuliza. Sote tulikuwa uwanjani siku ile, na sote tuliusikia ule mlio.

Mdogo wangu alikuwa mchezaji wa hoki, hii ya majani, mpira wa magongo. Katika familia zetu sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja, hoki ni kitu cha ukoo. Baba alicheza, Mungu amrehemu, na ami yangu alicheza, na picha zao za kaptula nyeupe na magongo mikononi ndizo zilizokuwa za kwanza kutundikwa tulipohamia nyumba yetu ya Ansab. Lakini mdogo wangu ndiye wa kwanza kati yao kulipwa mshahara kwa kucheza. Mama alipenda sana kulitaja jambo hilo kwa wageni, akijifanya analalamika kwamba kijana hashiki kazi ya maana.

Mpira ulikuwa umekwisha kupita. Hilo nataka lijulikane kabla ya lolote jengine. Mdogo wangu alishautoa kwa mwenzake, bado ameinama, na beki wa timu pinzani akaja mbio na gongo lake limepanda juu ya bega, mahali ambapo gongo halina kazi yoyote. Akalishusha. Likampata mdogo wangu juu ya sikio. Refa akatoa kadi ya manjano. Beki akatoka nje dakika chache, kama kadi hiyo inavyotaka katika hoki, akanywa maji, akarudi kucheza. Sisi wakati huo tulikuwa ndani ya gari letu, tunalifuata gari la wagonjwa, mama ananishika mkono wangu wa usukani na mimi namwambia aniachie nipate kuendesha.

Aliyerudi kutoka hospitali ana sura ya mdogo wangu na sauti ya mdogo wangu. Anavaa kanzu zake na anapaka mafuta ya udi yale yale. Ila kuna mahali hayupo, na sijui aliko. Unaingia jikoni unamkuta amesimama mbele ya friji iliyo wazi, hatafuti kitu. Unamwita, anageuka kwa adabu, kama mpangaji aliyekutwa katika chumba kisicho chake. Mapazia ya chumba chake hayafunguliwi kwa sababu jua linamuumiza. Nikipita ukumbini mchana wa joto, nyumba kimya, namsikia mle ndani, peke yake, akizungumza na wachezaji wenzake, anawaelekeza nani amkabe nani. Nasema bila haya kwamba namwogopa. Nampenda kuliko nilivyompenda alipokuwa mzima, na namwogopa.

Kuna siku chache anajua kilichomfika. Siku nyingi hajui. Mwanzoni tulikuwa tukimwambia, maana daktari alisema tusimfiche, na kila tulipomwambia ilikuwa ni habari mpya. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Alijipapasa kichwa chote akitafuta jeraha, akauliza kama atacheza tena, na ami akatoka nje. Kesho yake asubuhi akauliza mazoezi ni saa ngapi, na tukaanza upya. Mama alivumilia wiki kadhaa, kisha akapiga marufuku. Tangu hapo tunamwambia mechi imeahirishwa, naye anasema inshallah kheri.

Ami yangu anakaa Darsait, katika fleti ya zamani juu ya duka la mabati, na kila Ijumaa baada ya sala tunakula kwake. Huko ndiko tulikogombana. Kamati ya nidhamu ya ligi ilikuwa imeitisha kesi ya yule beki, na kila mtu mezani alikuwa na hukumu yake. Ami alisema hoki ni mchezo wa mbao na mpira mgumu, na anayeingia uwanjani amekwisha kukubali. Alisema yule kijana hakukusudia, ilikuwa ni kasi ya mchezo, na ukimfungia mchezaji kwa kila kichwa kinachoguswa watabaki kucheza marefa peke yao. Alifungua mdomo akatuonesha pengo lake la meno mawili, kama anavyolionesha kila mwaka, na kusema kwamba aliyemtoa meno hayo walikunywa naye chai siku ile ile.

Nikamwambia kwamba meno si ubongo. Nikamwambia dereva akimgonga mtu pale mzunguko wa Ruwi, hata kama hakumkusudia, polisi hawamwambii majeruhi kuwa ndiyo barabara ilivyo. Aliyeshika usukani ana dhamana ya usukani, na aliyeshika gongo ana dhamana ya gongo. Kusudio lake atajua yeye na Mola wake. Mimi nilikuwa nauliza gongo lilikuwa linafanya nini juu ya bega, na nilitaka mtu mmoja tu katika ligi nzima anijibu. Ami alinitazama kama anavyomtazama refa. Alisema dereva hagombanii mpira na mtu. Nikasema na yeye hakuwa akigombania mpira, mpira ulishakwenda.

Akataka kunishinda kwa mfano. Alisema enzi zao Unguja walipigana magongo miaka na miaka na hakuna aliyeharibika, hata mmoja. Halafu akasema isipokuwa yule mwenzao aliyecheza kati, ambaye alipata shetani wa uwanjani. Alikuwa hodari sana. Siku moja akaanza kucheka peke yake, akawa anakuja kwenye mechi na nguo za nyumbani, anasimama katikati ya uwanja kabla hawajaanza na hataki kutoka. Walimpeleka kwa waganga mpaka familia ikachoka. Nilimuuliza ami kama yule mtu aliwahi kupigwa kichwani. Aliondoka mezani kwenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu, na tulipoondoka bado alikuwa amesimama kwenye karo bomba likiwa limefungwa.

Sikudhani kama baada ya hapo angeendelea na shauri lake, lakini mtu mzima haachi shauri lake kwa swali la mtoto wa kaka yake. Wiki iliyofuata alitupigia simu kusema jamaa wa yule beki wanakuja nyumbani baada ya Alasiri. Nao ni watu wa Unguja, bibi zao na bibi zetu walikuwa mtaa mmoja, na wanakuja kama inavyopaswa, wazee mbele, kuomba radhi. Familia ikisamehe, kamati inapunguza adhabu. Jambo hilo kila mtu analijua hapa, na klabu ya yule kijana ililijua kuliko wote.

Walikuja wengi, vilemba vimefungwa vizuri, na yule kijana mwenyewe hawakumleta. Mimi na mama tulikaa chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu. Kwa desturi, anayemimina kahawa ni mwanamume mdogo wa nyumba, na mdogo wa nyumba ni yeye. Ami alitaka kuchukua dele, birika la kahawa, mwenyewe. Mdogo wangu akamtangulia. Mikono yake haijasahau kitu: dele kushoto, finjani kulia, akaanza kwa mzee wao na akazunguka majlisi yote bila kumwaga tone. Niliona mama anatabasamu, na nilichukia kuona hivyo kwa sababu nilijua kinachofuata.

Mzee wao alipokea finjani akaiweka chini mbele yake, haikuguswa. Wenzake wote wakaweka zao. Mtu mwenye haja kubwa hanywi kahawa ya nyumba mpaka haja yake ijibiwe, na akinywa, basi imekubaliwa, hakuna tena mjadala. Mzee akaanza maneno yake, ya ujirani, ya damu na ya Unguja, na kwamba kijana wao halali usingizi. Ami alikuwa akitikisa kichwa. Nilijua atakubali, lakini haki ile haikuwa yake kuitoa, na nadhani hata yeye alisita mzee alipomaliza.

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama na dele mkononi. Anayemimina hakai wageni wasipokunywa. Aliona finjani zote zimejaa chini na hakuelewa kwa nini, na akaona aibu kwa niaba ya nyumba yetu.

"Babu," akamwambia yule mzee, "kahawa inapoa. Kunyweni, tafadhalini."

Mzee alimtazama. Akamtazama ami. Kisha akainua finjani akanywa, na wote wakanywa, na majlisi ikajaa alhamdulillahi. Walisimama mmoja mmoja wakambusu mdogo wangu kichwani, upande ule ule. Yeye aliwaitikia wote vizuri na akawaongezea kahawa. Wakala halua yetu.

Walipotoka niliingia mle nikasema yaliyonijaa. Nilimwambia ami kwamba mtu amesamehewa na mtu asiyejua kuwa kuna kosa, na kwamba hiyo si radhi, ni kumnyang'anya kipofu. Ami alisema neno limetoka mdomoni mwa mwenye haki mbele ya mashahidi, na sisi si watu wa kulirudisha. Mama alikuwa akiokota finjani. Alisema yeye anachotaka ni watu waache kumjia mwanawe nyumbani. Mdogo wangu alituuliza wageni walikuwa na haja gani. Ami akamwambia walikuja kutusalimia tu.

Usiku ule nilimwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba msamaha ule haupo, na akanijibu nimlete mdogo wangu wamuulize wenyewe. Niliona ndiyo njia. Nilitaka wamwone. Nilitaka watu waliokuwa wakijadili pembe ya gongo na kasi ya mchezo wakae naye chumba kimoja, na nilitaka beki yule afungiwe asicheze tena maisha yake, ili siku nyingine beki mwingine akifikiria kupandisha gongo mkono wake uwe mzito. Hilo bado nalitaka. Nikamvalisha kanzu mpya, nikamwambia tunakwenda kuwasalimia watu wa ligi, akafurahi.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na chupa za maji zilizopangwa. Beki alikuwa amekaa kule mwisho na msemaji wa klabu yake. Sikuwahi kumwona karibu. Ni kijana tu, mwembamba, kucha zake ameziguguna mpaka nyama. Msemaji wake alisema kwa ufasaha kwamba mchezaji wao amejuta, kwamba refa aliyekuwa pale alishatoa adhabu aliyoiona inafaa, na kwamba familia yenyewe imekunywa kahawa na kusamehe. Mjumbe mmoja wa kamati akasema wazi kuwa kadi ya manjano kwa pigo kama lile ni mzaha. Mwengine akasema wasihukumu kwa uzito wa jeraha, wahukumu kwa kitendo. Nilikuwa nimekubaliana naye mpaka aliposema kitendo chenyewe ni cha kawaida. Nikasimama, nikasema kwamba mdogo wangu hana uwezo wa kusamehe jambo asilolijua, na wamuulize.

Mwenyekiti alianza kwa Kiarabu, kisha akaona bora Kiswahili, maana naye ni wa kwetu.

"Mwanangu, umemsamehe mwenzio huyu?"

Mdogo wangu alimtazama yule beki. Nadhani alimjua kama mchezaji, kwa sababu alimwinulia mkono kidogo.

"Nimemsamehe," akasema. "Kwani kaumia nani?"

Mjumbe aliyesema kitendo ni cha kawaida aliweka kalamu yake chini. Beki aliinamisha uso. Huo ndio ushahidi niliokuwa nimeupeleka pale, umewekwa mezani na hakuna wa kuubisha. Ilibaki neno moja tu, na kila mtu alinigeukia mimi nilitamke. Mdogo wangu naye akanigeukia.

"Dada," akasema, na sasa alikuwa na wasiwasi, "nani kaumia?"

Nilimwona anaanza kututazama mmoja mmoja, ana hofu ya mtu anayehesabu jamaa zake baada ya ajali. Mkono wake ulikuwa umeanza kupanda kwenda kichwani. Ningesema "wewe," angepokea habari ile pale pale, mara ya kwanza tena, mbele ya watu wale na mbele ya aliyempiga, na mimi ndiye ningekuwa nimempeleka ili aipokee.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna aliyeumia. Ni mambo ya mechi tu."

Akashusha mkono. Akamshukuru Mungu. Aliondoka kwenye kiti chake akaenda kumpa mkono yule beki, na beki alisimama akaupokea kwa mikono yake miwili.

Katibu wa kamati aliniuliza kwa sauti ya chini kama maneno yangu nayo, kwamba hakuna aliyeumia, ayaandike.

Nikamwambia aandike.